Chumba cha Wageni

Katika funguo zote za Uwanja wa Bugombe, kule Luzira, Nafuna alivaa mmoja tu shingoni. Zile nyingine, za stoo, za geti dogo, za vyoo vya mashabiki, zilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko la wafanyakazi, na yeyote aliyezihitaji alizichukua bila kuuliza. Ule wa shingoni ulikuwa wa chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni, na kazi ya Nafuna kuhusu chumba hicho ilikuwa kuhakikisha hakifunguliwi.

Usicheke. Hata kwenu lipo kabati la vioo. Ndani yake mna vikombe vyenye maua na ukingo wa dhahabu, na tangu uzaliwe hujawahi kunywea hata kimoja, kwa sababu ni vya wageni, na mgeni wa kustahili vikombe hivyo ni askofu au mkwe. Nafuna alilelewa hivyo huko Kimilili, upande wa Kenya, katika nyumba ambayo makochi yalifunikwa vitambaa vya kufuma, na vitambaa vikafunikwa nailoni ili visichafuke. Alipoolewa na Nyongesa, fundi wa kuchomelea vyuma, wakahamia Kampala kutafuta maisha, alinunua vikombe vya wageni kabla hawajapata kitanda cha maana. Kwa hiyo siku meneja wa uwanja, Bwana Ogwang, alipomkabidhi ule ufunguo, hakuwa na haja ya kumweleza mara mbili.

"Mama Valarie," Ogwang alimwambia, "hii chumba ni ya wageni. Mutu asiingie. Hata mimi nikikuomba, kataa."

"Hata wewe nitakukatalia," Nafuna akajibu, na hakuwa anatania.

Mambo yalikuwa hivi. Timu ya taifa ya wanawake ilikuwa kwenye mechi za kufuzu fainali za Afrika. Katika hatua ile nchi mbili hupangwa pamoja; moja huikaribisha nyingine, kisha wanarudiana, na mabao ya mechi zote mbili yakijumlishwa ndipo anapojulikana wa kwenda na wa kubaki. Lakini huwezi kumkaribisha mtu mahali popote tu. Uwanja wako sharti upitishwe na wakaguzi wa shirikisho la Afrika, watu wanaopima nyasi kwa rula na kuhesabu mabomba ya bafuni. Usipopitishwa, mechi yako ya nyumbani unaenda kuichezea kwa watu.

Bugombe ulipendekezwa, wakaguzi wakaja mara ya kwanza, na wakasema ukweli. Nyasi zilifaa. Jukwaa lilifaa kwa kubanana. Kile chumba cha timu ngeni, ambacho wakati ule kilikuwa na benchi moja lililovunjika na choo kisicho na mlango, wakakiita aibu. Kamati ya uwanja ikahangaika, ikabisha hodi kwa kila mwenye duka kuanzia Luzira hadi Port Bell, na chumba kikajengwa upya: vigae vyeupe hadi dirishani, bafu za mvua, vyoo vya kukalia, mabenchi yenye mito, hata kitanda cha kukandia misuli. Fundi alipoondoka, Ogwang akaacha nailoni zote zilivyokuja, akatia kufuli, akasema hapo sasa tuwangoje wakaguzi warudi.

Nafuna alikuwa na sababu yake ya kuulinda mlango ule kuliko alivyolinda nyumba yake. Sababu ilikuwa Valarie, mtoto wake wa kwanza, winga wa kushoto wa timu ya taifa, msichana mwembamba mwenye mbio za mtu aliyesikia kwao kunaungua. Mpira alijifunzia hapohapo Bugombe, pembeni ya mama yake anayefagia. Kwenye klabu Nafuna alimwona kila Jumamosi mpaka akachoka kupiga makofi. Ila akiwa na jezi ya taifa, amesimama mstarini mkono kifuani, wimbo unapigwa, hakuwahi kumwona hata mara moja, isipokuwa kwenye simu ya Nyongesa, ambayo picha yake ilikwama kila mpira ulipokaribia goli. Kila Valarie alipoitwa, mechi ya nyumbani ilikwenda kuchezwa nchi ya mbali kwa sababu ya uwanja. Mama mzima, unafagia uwanja wa mpira mwaka nenda mwaka rudi, na mwanao anaichezea nchi mahali usikofika wewe. Jambo hilo lilimkera Nafuna mpaka usingizini.

Nyongesa naye alikuwa na lake. Mwanzoni alinung'unika kwamba damu yake ilipaswa kuvaa jezi ya Kenya. Nafuna akamkumbusha kwamba Valarie amezaliwa Kampala, na kwamba mama yake yeye Nafuna ni Mugisu wa Bududa, hukuhuku Uganda, kwa hiyo hata kwa upande wa bibi, mtoto ni Mganda. "Wewe mwite wa Kenya jikoni," alimwambia, "uwanjani ni wa Uganda." Mechi iliyofuata Nyongesa akaonekana amenunua kofia ya rangi nyeusi, njano na nyekundu.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa nne klabu ya Valarie ilicheza na wasichana wa Makindye. Mvua ya Luzira ikitoka upande wa ziwa haibishi hodi, na siku ile iliwakuta katikati ya kipindi cha pili. Mwamuzi hakusimamisha mchezo. Walipomaliza hukuweza kujua nani alikuwa amevaa bluu na nani nyeupe. Wote walikuwa matope tangu nywele hadi njumu, na meno yao yakigongana kwa baridi. Chumba cha wenyeji kilikuwa bado kina mafundi wanaopaka rangi, kwa hiyo timu zote mbili, kama ilivyokuwa wiki zote zile, zilitakiwa kubadilisha nguo chini ya jukwaa, nyuma ya turubai, kwa maji ya ndoo.

Valarie alimfuata mama yake mlangoni pa kile chumba.

"Mama, tufungulie tuoge."

"Muoge wapi?"

"Si unajua. Funguo hiyo hapo shingoni."

"Hii ni ya wageni."

"Na hawa wa Makindye si wageni? Wametoka kwao, wamekuja kwetu."

"Hao ni wageni wa hapahapa," Nafuna alisema. "Wanarudi kwao na boda."

Wasichana waliokuwa nyuma wakacheka. Valarie hakucheka.

"Dakika kidogo tu, mama. Tutapiga deki wenyewe."

"Mtapiga deki! Mimi si nawajua? Wazungu wa mpira waje wakute alama ya njumu kwa marumaru, tutaonekana watu wa aina gani? Wewe unafikiri namfungia nani hii mlango? Nakufungia wewe. Ndiyo wakuje, wapitishe, ucheze hapa nikikuona na macho yangu. Nenda kwa ndoo."

Valarie akajifuta tope kwenye nyusi kwa kiganja. "Sawa, mama," akasema, akaenda kwenye ndoo. Hakuwa mtoto wa kubishana. Jioni ile Nafuna alimsimulia Nyongesa jinsi alivyowakatalia, akajisifu, na Nyongesa naye akamsifu.

Wakaguzi walirudi mwezi wa sita, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wenye koti rasmi na vitambulisho vya kuning'inia. Hawakuwa Wazungu. Nafuna alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba kilichofungwa na jirani yake Benedicte, Mkongomani wa Bukavu anayejua kufunga kilemba kikasimama chenyewe. Wakaguzi walipita uwanjani, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Walipanda jukwaani, wakaridhika. Chumba cha wenyeji, sasa kimekauka rangi, kikapita. Ogwang alikuwa akitembea mbele yao kinyumenyume, anatabasamu mpaka magego.

"Na sasa," akasema, "chumba ya wageni. Mama Valarie, fungua."

Nafuna aliivua kamba shingoni. Akazungusha ufunguo, akausukuma mlango, akasimama pembeni ili wakubwa watangulie.

Harufu ndiyo iliyotangulia, kuja nje.

Ilikuwa harufu ya shimo la choo, nzito, iliyofungiwa miezi ikakomaa. Yule mkaguzi wa kiume alirudi hatua mbili nyuma. Mwanamke akaziba pua kwa karatasi zake, akaingia. Ndani vigae vilikuwa vyeupe bado, ila kwenye pembe zote ukungu mweusi ulikuwa umepanda mpaka darini, na nailoni za mabenchi zilikuwa zinatiririka jasho kwa unyevu wa ziwa. Vyoo vilikuwa na vifuniko vyenye nailoni ya dukani. Mkaguzi akafungua bomba la sinki. Likakohoa, likatema kijimaji cha kutu, likanyamaza. Akaenda kwenye bafu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Akawa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga.

"Maji iko," Ogwang alisema, tabasamu limeganda. "Labda tanki." Akatoka mbio kwenda kuliangalia tanki. Tanki lilikuwa limejaa pomoni. Bomba la jikoni, la nje, la vyoo vya mashabiki, yote yalitoa maji kwa nguvu kana kwamba yanamdhihaki.

Mkaguzi wa kike akamgeukia Nafuna. Alikuwa Mtanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha upole. "Mama, mara ya mwisho chumba hiki kutumika ilikuwa lini?"

Nafuna akasimama wima. Kwa mazoea tu, hata mbele ya ile harufu, fahari ilimpanda. "Hakijatumika hata siku moja, dada," akasema. "Mtu hajakanyaga humu. Nimekitunza mimi mwenyewe."

Yule dada alimwangalia kidogo, si kwa ubaya. "Ndiyo tatizo, mama," akasema. "Asante." Kisha akaandika.

Kesho yake kamati ilimleta fundi bomba aitwaye Khisa, kijana wa Bungoma, mtu wa nyumbani kabisa. Alikata bomba moja ukutani akatoa donge la saruji lililogandia ndani tangu siku ya ujenzi. Lilikuwa halizidi kidole gumba. Kuhusu harufu akasema ni kitu kidogo sana. Choo kisichomwagiwa maji, yale maji yaliyokaa kwenye kona ya bomba hukauka, na yakikauka hakuna kinachoizuia harufu ya shimoni kupanda. "Maji ya kikombe kila wiki ingetosha," alisema. "Na kama watu wangeoga humu siku moja tu, hata siku moja, mngejua siku hiyohiyo kwamba haitoki maji. Ni kazi ya asubuhi moja, mama yangu."

Nafuna alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, akakumbuka matope kwenye nyusi za Valarie. Aliona vizuri kabisa jinsi ambavyo ingekuwa: wasichana wanaingia na kelele zao, wanafungua mabomba, hakuna maji, wanatoka wanalalamika, fundi anaitwa Jumatatu, na yote yanaisha mwezi wa nne. Alijikasirikia mpaka akashika kichwa. Alimkasirikia Ogwang. Akamkasirikia hata marehemu mama yake na vile vikombe vyake vyenye ukingo wa dhahabu, akatubu palepale, halafu akakasirika tena.

Muda wa ukaguzi wa tatu haukuwepo. Mechi zilikuwa karibu, viwanja vilivyopitishwa nchi za jirani vilikuwa na ratiba zao, na nauli za kuzunguka huku na huko zilikuwa hazishikiki. Wapinzani, nchi moja ya Magharibi ambayo Nafuna hakutaka tena kusikia jina lake, wakatoa pendekezo la ukarimu: njooni kwetu, mechi zote mbili zichezwe kwetu, uwanja tunao, hoteli tunayo. Hakukuwa na pa kukimbilia. Ikakubaliwa. Mechi ya kwanza Uganda wangekuwa wageni, na ya pili, kwenye uwanja uleule, mbele ya mashabiki walewale, Uganda ndio wangehesabiwa wenyeji.

Valarie aliaga asubuhi na begi lake. Nafuna alikuwa amejiandaa kulaumiwa, hata maneno ya kujitetea alikuwa nayo. Valarie hakumlaumu. Alimkumbatia tu akasema, "Mara nyingine, mama," na hapo Nafuna akatamani angetukanwa.

Mechi ya kwanza iliisha sare tasa. Siku ya marudiano Valarie alipiga simu mchana.

"Mama, utacheka. Leo sisi ndio wenyeji, kwa hiyo tumepewa chumba cha wenyeji. Wenye uwanja wao wameingia cha wageni. Wanapita pale kwa korido wanacheka hata wao."

"Kina maji?" Nafuna akauliza.

"Nini?"

"Hicho chumba. Kina maji?"

"Yapo, mama. Ya moto na ya baridi."

Mpira ulianza jua la Luzira likielekea kuzama. Walikuwa watatu sebuleni, Nafuna, Nyongesa na kofia yake, na Benedicte, ambaye aliitwa kwa sababu mtangazaji alikuwa anasema Kifaransa na ndani ya nyumba ile hakuna aliyejua zaidi ya *bonjour*. Simu iliegemezwa kwenye birika. Wimbo wa Uganda ulipigwa, kamera ikapita mstarini, na Nafuna akamwona mwanawe, mkono kifuani, kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu picha ikakwama kwenye sikio la golikipa.

"Hiyo ndiyo nyumbani kwetu," Nafuna alisema kwa uchungu. "Angalia watu wetu walivyojaa." Jukwaa zima lilikuwa kijani cha wapinzani.

Lakini kipindi cha kwanza hakijaisha, mpira ulitoka kulia, ukapita watu wote, na Valarie akaukuta nguzo ya mbali akausukuma wavuni kwa goti. Hawakuliona. Walisikia mtangazaji amepaza sauti, picha imekwama, kisha Benedicte akaruka. "Ni Valarie! Anaita Valarie! Mama we, ni mutoto wetu!" Nyongesa alirusha kofia ikaangukia chai. Nafuna hakuruka. Alikaa amekunja mikono, machozi yanamtoka, na alikuwa na furaha na hasira kwa kipimo kimoja, kwa sababu goli lile lilikuwa lake, lilipaswa kufungwa pale Bugombe, goli la upande wa kanisa, yeye akiwa amesimama na fagio lake.

Moja bila. Mpaka dakika za mwisho ikawa moja bila. Halafu wapinzani wakapata kona, mpira ukagonga mgongo, ukagonga goti, ukaingia. Uwanja wa simu ukalipuka kelele. Moja moja. Kipenga.

"Sawa," Nyongesa alisema, akijikaza kisabuni. "Ya kwanza sare, ya pili sare. Sasa ni penalti. Golikipa wetu ana mikono mirefu. Tulieni."

Wakatulia. Wakangoja wachezaji wapangwe katikati. Badala yake waliona wale wa kijani wanakumbatiana, wanapiga magoti, wanazunguka uwanja na bendera, na kona moja ya picha wasichana wa Uganda wamekaa chini kwenye nyasi.

"Mbona wanashangilia kabla?" Nafuna akauliza.

Benedicte alisogeza sikio kwenye simu. Uso ukambadilika. "Mama Valarie, pole. Anasema imekwisha. Hakuna penalti."

"Imekwisha aje? Si ni moja moja?"

"Anasema mabao ikilingana, ya ugenini ndiyo inashinda. Na leo, kwa karatasi, Uganda ndio benye nyumba. Bale ndio bageni. Goli yabo ni ya bageni."

Nafuna alisimama. "Wageni wa nani?" Alikuwa hata hapazi sauti. Kisha akapaza. "Wageni wa nani, Benedicte? Wamelala kwao! Wamepikiwa na mama zao! Hao watu wote kwa jukwaa ni shangazi zao! Mtu amefunga goli nyumbani kwake, kwa nyasi yake, halafu mnaniambia ni mgeni?"

"Sheria ndivyo ilivyo, Mama Valarie," Nyongesa akasema polepole, kama mtu aliyekumbuka akiwa amechelewa. "Hata kama wangefungia hapa Bugombe, ingehesabika hivyohivyo."

"Hapa wasingefunga!"

Nyongesa akaiokota kofia yake kwenye chai. Ukimjua Nafuna, hapo hukuwa na la kuongeza. Alizima simu mwenyewe, akaingia chumbani, na Benedicte akasikika akimwambia Nyongesa amwache. Hasira ile haikuwa na mahali pa kwenda. Ungemlaumu nani? Sheria iliandikwa kabla hajazaliwa Valarie. Wapinzani waliwakaribisha vizuri, wakawapa maji ya moto. Wakaguzi walikagua. Kila alikoipeleka hasira yake ilizunguka ikamrudia yeye na ule ufunguo.

Valarie alirudi amekonda. Alilala kutwa nzima, akaamka akala ugali na samaki, na wiki iliyofuata akarudi mazoezini. Hakukumbusha habari ya siku ya mvua. Nafuna alingoja aikumbushe, ili walau wagombane yaishe, lakini wapi.

Kule Bugombe chumba kilikuwa kimepona. Khisa alibadilisha bomba, akakwangua ukungu, akatoboa matundu ya hewa, na maji yakawa yanatoka kwa nguvu hadi kugonga ukuta wa pili. Kamati ikaja kuangalia, ikapiga makofi. Walipoondoka, Bwana Ogwang akamwita Nafuna mlangoni. Mkononi alikuwa na kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza, la kufungia kontena.

"Mama Valarie," alisema, "mwaka ujao watarudi. Mara hii hatuwezi kurudia makosa. Ile ya kwanza hatukuifunga vizuri, hewa ya ziwa ilipita. Sasa tunafunga kabisa kabisa. Mutu asiingie." Akamkabidhi ufunguo.

Nafuna aliutazama, akamtazama Ogwang usoni. Alitafuta hata chembe ya mzaha, hakuiona. Mtu huyu alikuwa amesimama pale, amenusa ile harufu kwa pua yake, amemsikia Khisa kwa masikio yake, na amekwenda dukani kununua kufuli kubwa zaidi. Nafuna akahisi anaweza kupiga kelele mpaka gereza la Luzira wakasikia. Hakupiga. Aliuchukua ufunguo, akautia kwenye kamba, akauvaa.

Jumamosi walikuja wasichana wa timu moja ya Wandegeya, na mvua ikaja nao. Ilikuwa ileile ya ziwani, isiyo na adabu. Mechi ilipoisha Valarie alitoka uwanjani matope mpaka masikioni. Alipita mbele ya mlango wa chumba bila kuutupia hata jicho, akainama chini ya jukwaa, akashika ndoo.

"Acha hiyo ndoo," Nafuna akasema.

"Eh, mama?"

"Acha. Waite wote. Na hao wa Wandegeya."

Kufuli lilifunguka kwa mlio mkubwa. Valarie alisimama kizingitini, akaangalia vigae vyeupe, akaangalia miguu yake. "Tuvue njumu?"

"Ingieni nazo."

Waliingia kwa kusitasita, kama watu wanaoingia nyumba ya mkwe, halafu mmoja akafungua bafu, akapiga ukelele maji yalipomgonga, na baada ya hapo hakuna aliyesitasita. Nafuna alivuta kigoda chake akakaa mlangoni. Alisikia maji yakianguka, mengi, yakipita kwenye mabomba ukutani, na sauti hiyo ilimuuma kuliko alivyotarajia. Ndiyo aliyotakiwa kuisikia mwezi wa nne. Nchi hii ingekuwa imemwona mwanawe, na yeye angekuwa amemwona. Alilia hapo kigodani bila kujificha, kwa hasira zaidi ya huzuni, huku tope jekundu likitiririka kutoka chini ya mlango hadi kwenye ndara zake.

Ogwang alikuja mbio kutoka ofisini, mwavuli umegeuka nje ndani. "Banange! Mama Valarie! Nani amefungua? Wageni wamekuja?"

"Hapana," Nafuna alisema, bila kuinuka. "Wenyewe wanaoga."

Ogwang alitazama lile tope. Alitazama kufuli lake jipya lililolala sakafuni wazi. Akanyoosha mkono. "Leta hiyo funguo. Tafadhali. Nakuomba."

Nafuna akaishika kamba, akaurudisha ufunguo ndani ya gauni.

"Ulisema hata wewe ukiniomba, nikatae," akamwambia. "Haya. Nimekataa."